Ukiona Nyasi Usiyoijua, Usiing'oe Kwanza

Kandokando ya njia za kupandia Mlima Kilimanjaro huota nyasi moja fupi, laini, ya kijani kibichi, ambayo asili yake si Afrika. Jina lake la kisayansi ni Poa annua, na kwao ni Ulaya, ambako huota vichochoroni, viwanjani na kati ya mawe ya barabara za zamani. Mara nyingi haizidi shubiri moja kwa urefu. Mtaalamu wa ikolojia Andreas Hemp, aliyeuchunguza uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu mimea ya kigeni ya mlima huo na uhusiano wake na utalii. Nyasi hii ni mmoja wa wageni waliofuata njia za wapandaji hadi nyanda za juu, mahali ambapo mimea mingi ya kigeni hushindwa na baridi.

Nyasi hiyo hiyo imefika hata Antaktika. Katika msimu wa 1985/86 ilionekana karibu na kituo cha utafiti cha Poland kiitwacho Arctowski, katika kisiwa cha King George. Antaktika nzima ina mimea miwili tu ya asili inayotoa maua, na mmoja wao ni nyasi. Mgeni alianza kwa kuota karibu na majengo. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alionekana kwenye ardhi iliyoachwa wazi na barafu iliyorudi nyuma, mbali na milango ya watu. Kazi ya kumwondoa ilipoanza, mbegu zake zilikuwa zimeshajaa udongoni.

Msomaji wangu, tafakari ni watu wangapi waliikanyaga nyasi ile Kilimanjaro kabla haijaandikwa popote. Wapagazi waliipita na mizigo kichwani. Wapishi walimwaga maji ya vyombo juu yake. Waongozaji waliketi kando yake wakisubiri wageni wapumzike. Mtu wa kwanza kuuona mmea mgeni karibu kila mara ni yule anayepita hapo siku zote: mchungaji, mkulima, mpagazi, askari wa hifadhi, mwalimu anayekwenda shule kwa miguu. Mtaalamu hufika baadaye, na hufika kwa sababu mtu fulani alimwita.

Makala haya ni kwa ajili yako wewe unayepita hapo. Shauri langu kubwa ni moja: ukiona nyasi usiyoijua, ushahidi utangulie jembe. Ukiing'oa na kuitupa, umeondoa mche mmoja, na hakuna atakayejua ilikuwa nini, ilitoka wapi, wala kama imebaki kwingine. Ukiihifadhi kwa picha na sampuli, umewapa wengine uwezo wa kuitafuta eneo zima.

Kwa nini kuwahi ni nusu ya kazi

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliochambua juhudi za kufuta magugu ya kigeni katika jimbo la California, Marekani. Pale ambapo gugu lilikuwa limeshika eneo lisilofika hekta 1, mara nyingi liliondolewa kabisa. Kadiri eneo lilivyokuwa kubwa ndivyo mafanikio yalivyopungua, na gugu lilipovuka hekta 1,000, matumaini ya kulifuta yalikuwa karibu hakuna. Kwa maneno mengine, ukubwa wa uvamizi siku unapogunduliwa huamua mengi kuliko wingi wa fedha zitakazotumika baadaye.

Nyasi zina hatari yake maalumu: zinabadilisha moto. Mti wa kigeni huchukua miaka kukua, lakini nyasi ndefu hukua msimu mmoja, hukauka, hushika moto, kisha huchipua upya kabla mimea mingine haijapona. Kaskazini mwa Australia ililetwa nyasi ya Afrika Magharibi iitwayo Andropogon gayanus, ikapandwa kama malisho. Huko hufika urefu wa mita 4, na watafiti waliopima moto wake waliukuta na nguvu mara nane hivi kuliko moto wa nyasi za asili. Miti iliyozoea moto mdogo wa kila mwaka haiuwezi moto wa namna hiyo.

Sisi Waafrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hili kwa undani, kwa kuwa nyasi zetu wenyewe zimekuwa wavamizi kwa wengine. Mbegu za Cenchrus ciliaris zilizochukuliwa eneo la Turkana, kaskazini mwa Kenya, zilizaa aina iliyosambazwa Texas katika miaka ya 1940 kuwa malisho ya ng'ombe. Leo nyasi hiyo inaenea katika jangwa la Sonora, Arizona na kaskazini mwa Meksiko, na inapeleka moto kwenye kaktasi ndefu ambazo hazikuumbwa kuustahimili. Katika nyanda kame za Kenya, kwa upande mwingine, nyasi hiyo hiyo hupandwa kwa makusudi ili kurudisha malisho yaliyochakaa, na mfugaji huishukuru. Hali kadhalika nyasi ya Kikuyu, Cenchrus clandestinus, iliyotoka nyanda zetu za juu: Marekani imeiweka kwenye orodha ya shirikisho ya magugu hatari.

Basi nyasi haina ubaya wa kuzaliwa nao. Ubaya huja inapofika mahali ambapo hakuna mdudu, ugonjwa, mnyama wala mmea jirani wa kuipunguza. Na ugeni peke yake haufanyi adui. Mahindi ni jamii ya nyasi, yalitoka Meksiko, nayo yanatulisha. Hayawezi kuishi bila mkono wa mkulima, wala hayajawahi kuuvamia msitu. Kinachotafutwa ni mgeni anayezaa mwenyewe, anayesambaa mwenyewe, na anayewanyima wenyeji nafasi. Huwezi kulijua hilo siku ya kwanza kwa kuangalia kwa macho tu, na ndiyo maana hatua zinazofuata zina mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni nyasi

Mimea mingi yenye majani membamba huitwa nyasi bila kuwa nyasi. Ndago, ambayo kila mkulima wa mboga anaijua kwa usumbufu wake, si nyasi. Chukua shina na ulizungushe katikati ya vidole. Shina la ndago na jamaa zake kwa kawaida lina pembe tatu, ni gumu ndani, na halina mafundo. Majani yake yamepangwa kwa safu tatu kulizunguka shina. Shina la nyasi ni la mviringo au limebonyea kidogo, mara nyingi lina uwazi ndani, lina mafundo unayoweza kuyahisi kwa kucha, na majani yake yamepangwa kwa safu mbili, moja huku na moja huku.

Kisha angalia pale jani linapoachana na shina. Sehemu ya chini ya jani hulikumbatia shina. Hiyo ndiyo ala. Ivute taratibu nje kwa kidole. Kwenye kiungo cha ala na jani utaona kitu kidogo: huenda ni utando mweupe, huenda ni ukingo wa vinywele, huenda hakuna kitu. Wataalamu wa nyasi hukitazama kitu hicho kabla ya karibu kila kingine, kwa sababu hakibadiliki sana hata nyasi ikiliwa na mbuzi au ikikosa maji.

Kwa Poa annua, utando huo ni mweupe na unaonekana vizuri. Majani ni laini, mara nyingi yana mikunjo midogo ya kukatiza, na ncha yake imejikunja kama omo la mashua. Suke ni dogo, limetawanyika, na vishuke vyake havina ndevu. Mmea hukua kwa vishungi vifupi, na unaweza kuchanua na kutoa mbegu hata ukikatwa au kukanyagwa ukabaki mfupi kabisa. Hii ndiyo siri ya kustawi kwake kwenye vijia: mguu unaowaua wengine humwachia yeye nafasi.

Lakini jihadhari na kuamua haraka. Milima ya Afrika Mashariki ina nyasi za asili za jenasi hiyo hiyo, kama Poa leptoclada, na kwa jicho lisilozoea zinaweza kufanana. Anayekwenda kung'oa kwa hasira bila kuhakikisha anaweza kumwondoa mwenyeji akamwachia mgeni uwanja. Kule Antaktika pia waondoaji walilazimika kuwa makini, kwa kuwa nyasi ya kigeni na nyasi ya asili huota zikichanganyika.

Hatua ya pili: uliza kama kweli ni mgeni

Nenda kwa wazee na wachungaji kwanza. Waulize: nyasi hii mnaiita nini kwa lugha ya hapa? Ng'ombe anaila? Mbuzi je? Mliiona lini mara ya kwanza? Ilianzia wapi? Mchungaji anayejua majina ya nyasi kumi na tano za malisho yake akikuambia hii hana jina lake, sikiliza kwa makini. Kukosa jina hakuthibitishi ugeni, kwani nyasi zisizo na kazi mara nyingi hazipewi jina, lakini ni dalili ya kuandika.

Pili, tazama inavyokaa kwenye ardhi. Mgeni aliyefika karibuni huwa na anwani. Huonekana penye vibanda vya kulala wageni, kwenye kambi, kando ya barabara mpya, penye jalala, karibu na kitalu cha miche, zizini, pale lori la majani makavu liliposhusha mzigo, au ambapo mchanga wa ujenzi ulimwagwa. Tembea hatua chache kutoka kwenye njia, kisha nyingine, kisha nyingine. Ikiwa nyasi ni nyingi kwenye ukingo wa njia na inapungua kadiri unavyoingia porini, njia hiyo huenda ndiyo iliyoileta. Ikiwa imesambaa kote bila mpangilio, huenda ni mwenyeji uliyekuwa hujamtazama, au ni mgeni wa siku nyingi.

Tatu, fikiri jinsi ambavyo ingeweza kufika. Mbegu za nyasi husafiri kwenye soksi, kwenye nyuzi za kamba za viatu, kwenye tope la soli, chini ya hema, kwenye manyoya na kinyesi cha mifugo, kwenye marobota ya majani makavu yanayouzwa wakati wa ukame, kwenye mbegu za malisho zisizosafishwa, kwenye udongo wa miche, na kwenye magurudumu ya mitambo ya barabara. Watafiti waliowapekua wasafiri wa Antaktika katika kiangazi cha 2007/08, wakachapisha matokeo mwaka 2012, waliwakuta waliobeba mbegu wakiwa nazo kwa wastani 9.5 kila mmoja. Hao walikuwa watu wanaokwenda kwenye barafu, ambao wengi wao walijua wanakwenda mahali nyeti. Kilimanjaro hupokea makumi ya maelfu ya wapandaji kila mwaka, na nyuma ya kila mpandaji kuna wapagazi na waongozaji. Fanya hesabu yako mwenyewe.

Hatua ya tatu: piga picha zinazoweza kujibu swali

Picha nyingi ambazo wataalamu hutumiwa hazina msaada, kwa sababu zinaonyesha kijani tu. Simu ya kawaida inatosha kabisa ukifuata utaratibu. Anza na picha ya mahali: njia, mteremko, kibanda, mkondo wa maji. Fuata na mmea mzima ulivyosimama, ukiweka sarafu au kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane. Kisha shuka kwenye vitu vidogo, na kila kimoja kipate picha yake: sehemu ya chini ya mmea pale unapotoka ardhini, fundo la shina, jani kwa juu na kwa chini, kiungo cha ala na jani baada ya kuivuta ala nje, suke zima, na mwisho kishuke kimoja kilichowekwa juu ya karatasi nyeupe.

Simu ikikataa kuona vizuri kwa karibu, usisogee zaidi. Rudi nyuma kidogo, upate picha kali, kisha ikuzwe baadaye. Kioo cha kukuzia cha mara 10, kile kinachotumiwa na masonara, kikishikwa mbele ya kamera hufanya kazi nzuri. Piga kivulini au wakati wa mawingu. Jua kali la saa sita huzifanya nyasi zing'ae zikapoteza alama zake.

Washa kipimo cha mahali kwenye simu kabla ya kupiga, na uandike pia kwa maneno: mkoa, kijiji, jina la njia, umbali kutoka alama inayojulikana, mwinuko ukijulikana. Simu hupotea na picha hufutika. Maandishi ya daftari hubaki. Andika tarehe, hesabu ya miche uliyoiona hata kwa kukadiria, na ukubwa wa eneo kwa hatua. Maneno "ni nyingi" hayamsaidii mtu. "Vishungi kama 30 katika hatua 20 za njia, hakuna nje ya njia" yanasaidia sana, kwa sababu mwakani mtu mwingine anaweza kuhesabu upya na kujua kama inaongezeka.

Ukiwa na intaneti, unaweza kuweka picha kwenye iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huzitazama. Chukua pendekezo la programu kama dokezo tu. Programu hizi hujikwaa sana kwenye nyasi, na mara nyingi hutaja spishi ya Ulaya au Marekani kwa kuwa ndizo zilizopigwa picha nyingi zaidi.

Hatua ya nne: chukua sampuli, lakini kwa ruhusa

Ndani ya hifadhi ya taifa usichume chochote bila kibali. Mwongozaji au mpagazi wa Kilimanjaro aishie kwenye picha na maandishi, kisha amweleze askari wa hifadhi na ofisi ya ikolojia ya hifadhi. Wao ndio wenye mamlaka ya kuchukua. Kwenye shamba la mtu, omba. Kwenye ardhi ya kijiji, mwarifu mwenyekiti. Mambo haya huchukua dakika chache na huzuia ugomvi wa miezi.

Ukiwa na ruhusa, chagua mche wenye suke lililokomaa lakini ambalo halijaanza kupukutisha mbegu. Nyasi bila suke ni vigumu mno kutambulika. Chimba, usivute, ili mizizi itoke pamoja na mashina yanayotambaa chini ya udongo kama yapo. Kuwapo kwake au kutokuwapo ni alama muhimu. Kung'uta udongo hapo hapo, usiubebe. Ikiwa kuna mche mmoja tu, chukua suke moja na jani moja, mengine uyaache mpaka jibu lije.

Ilaze sampuli kwenye gazeti la kawaida. Karatasi ya kung'aa haifai, hainyonyi maji. Nyasi ndefu zaidi ya gazeti ikunje kwa pembe kali, mara moja au mbili, usiikate vipande visivyo na mpangilio. Geuza jani moja ili upande wa chini uonekane. Funika kwa gazeti jingine, weka boksi gumu juu na chini, kisha weka uzito: vitabu, jiwe, mfuko wa mchanga. Badilisha magazeti kila siku mpaka yatoke makavu. Mahali penye unyevu, kama pwani au msituni, usipobadilisha utakuta ukungu. Mbegu zilizodondoka zitie kwenye bahasha ndogo na uiweke pamoja na sampuli.

Tengeneza sampuli mbili kama mimea inatosha, zipewe namba moja. Moja utaipeleka, nyingine itabaki karibu nawe, shuleni au ofisini, ili siku ya kurudi porini uwe na cha kulinganisha. Kwenye karatasi ya maelezo andika kwa penseli, maana wino huchujuka: jina lako, namba yako ya sampuli, tarehe, mahali, mwinuko, mazingira, wingi, jina la kienyeji kama lipo, rangi ya suke likiwa bichi, na lolote ambalo mmea ukikauka halitaonekana tena.

Hatua ya tano: ipeleke panapostahili

Pa kwanza ni kwa afisa ugani au afisa mifugo wa kata. Huenda asiitambue nyasi, lakini taarifa iliyopita kwake ina njia rasmi ya kupanda juu. Omba ithibitishwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Pa pili ni hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Tanzania ina Hebaria ya Taifa mjini Arusha na hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uganda ipo Chuo Kikuu cha Makerere. Nairobi, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ipo Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo mizizi yake ni Amani, kwenye milima ya Usambara, ilikoanzishwa mwaka 1902 kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1950. Ina takriban sampuli milioni moja. Wataalamu wa hapo wanayo pia mikononi sehemu tatu za nyasi katika ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, zilizotoka mwaka 1970, 1974 na 1982. Nyasi yako ikilinganishwa na sampuli hizo, itajulikana kama ilikwishaokotwa hapa miaka themanini iliyopita, au kama wewe ndiye wa kwanza kuileta.

Pa tatu, hasa kama unashuku kwamba iliingia na mbegu, majani makavu au bidhaa kutoka nje, ni mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Kazi yao ni kuzuia mlangoni, na hawawezi kuuziba mlango ambao hawajaambiwa uko wazi. Ukiweza, weka na kipande cha gunia au lebo ya mfuko wa mbegu.

Unapopeleka taarifa, tenganisha ulichokiona na unachokidhani. "Nimeona" kwenye aya moja, "nadhani" kwenye nyingine. Mtaalamu atauamini ushahidi wako zaidi akiona unajua mipaka yake.

Wakati unasubiri jibu

Jibu linaweza kuchelewa, na nyasi haisubiri. Kuna mambo unayoweza kufanya bila kujua jina lake. Usiichome moto mahali ilipo. Nyasi nyingi vamizi hunufaika na moto, na utakuwa umewaunguza majirani zake. Usiilishe mifugo ikiwa na mbegu. Mbegu nyingi za nyasi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na kinyesi huzipandia mbali. Usiitupe kwenye shimo la mboji wala mtoni. Usiipande nyumbani uione inavyokua. Usipulize dawa, hasa karibu na chanzo cha maji, kwa mmea ambao hujui ni nini.

Unachoweza kufanya ni kuzuia isisafiri. Ikiwa iko kwenye njia, elekeza watu na mifugo wapite upande mwingine. Ikiwa inakaribia kupukutisha mbegu na una ruhusa ya mwenye ardhi, na sampuli imeshachukuliwa, kata masuke tu, uyatie kwenye mfuko imara, ufunge, uuache juani hadi yafe kabisa, kisha uyachome ndani ya pipa. Mmea wenyewe uache.

Na safisha. Hili ndilo jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya hata kama hajawahi kuona nyasi ngeni. Kabla ya kuingia hifadhini au kuondoka shambani, piga viatu pamoja, toa tope kwenye soli kwa kijiti, pitisha brashi kwenye kamba na ulimi wa kiatu. Geuza mifuko ya koti nje. Kagua soksi, kitambaa cha kunasa cha koti la mvua, sakafu ya hema. Fanya hivyo kwenye sakafu ya saruji unayoweza kuifagia, na uchafu uutie kwenye mfuko. Makampuni ya utalii yanayopeleka watu Antaktika huwataka wageni wao wasafishe viatu na kufyonza vumbi mifukoni kabla ya kushuka. Utaratibu kama huo unastahili kwenye malango ya Marangu na Machame, na mwongozaji anayeuanza na kikundi chake leo hahitaji kusubiri agizo.

Jibu likija

Linaweza kuja kwa namna tatu, na kila moja ina kazi yake.

La kwanza: nyasi ni ya hapa hapa, ila ilikuwa adimu au haijatazamwa. Usijione umepoteza muda. Umeongeza alama moja kwenye ramani ya mmea wa asili, na huenda mvua au malisho yamebadilika kiasi cha kuuleta mahali ambapo haukuwapo. Ni habari yenye thamani yake.

La pili: ni mgeni, lakini wa siku nyingi, naye hajaleta madhara makubwa. Hapo kazi ni kufuatilia. Rudi mahali hapo kila mwaka, msimu ule ule, uhesabu kwa njia ile ile, upige picha ukisimama pale pale. Mimea mingi vamizi hukaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kulipuka, na daftari la mtu mmoja mwaminifu ndilo linaloweza kuonyesha mwaka wa mabadiliko.

La tatu: ni mgeni mpya, au mvamizi anayejulikana kwingine. Hapo ndipo jembe linapopewa zamu yake, chini ya uongozi wa mamlaka. Kazi ya kung'oa ifanywe kabla ya mbegu kukomaa, kuanzia pembezoni kuelekea katikati, ili eneo lipungue badala ya kupanuka. Kila kilichong'olewa kitolewe kwenye mifuko. Na wote wakubali mapema kwamba kung'oa mara moja hakutoshi. Mbegu zilizomo udongoni zitachipua mwaka ujao na mwaka unaofuata. Mahali palipong'olewa panahitaji kutembelewa kwa miaka kadhaa, na ardhi iliyobaki wazi ipandwe nyasi za asili, maana ardhi tupu humkaribisha mgeni mwingine.

Mwito kwa wanaopita kila siku

Nchi zetu hazina wataalamu wa nyasi wa kutosha kuzunguka kila bonde na kila mteremko, wala hazitakuwa nao karibuni. Walio wengi ni wachungaji, wakulima, wapagazi na waongozaji, na ujuzi wao wa mahali hauwezi kununuliwa. Naomba vyama vya waongozaji na wapagazi viingize utambuzi wa mimea mitano au sita ya kigeni kwenye mafunzo yao. Naomba walimu wa sayansi wawafundishe wanafunzi kukausha sampuli moja kila muhula. Naomba hebaria zetu ziwajibu watu wanaoleta sampuli, hata kwa mstari mmoja, kwa sababu asiyejibiwa mara ya kwanza haleti mara ya pili.

Nawe msomaji, ujue kwamba kwenye kila sampuli iliyotunzwa hebaria kuna karatasi yenye jina la aliyeichukua, mahali na tarehe. Jina hilo halifutwi hata jina la kisayansi la mmea likibadilishwa mara tatu. Wengi wa walioandikwa pale tangu enzi za Amani ni watu waliotoka mbali, waliopita mara moja wakaondoka. Wanaoishi na mimea hii wanastahili kuandikwa pia, na njia ya kuandikwa ni fupi: gazeti la zamani, penseli, boksi, na ustahimilivu wa siku chache.